Nyamizi Alipoambiwa Asubiri

Mabula alipoona mto umepanda hadi kwenye majaruba ya mpunga, alimwita mwanawe mkubwa, Malale, wakawatoa ng'ombe zizini kuwapeleka juu, upande wa Kasokola. Ulikuwa mwaka wa mvua za Elinino, na kijiji kizima cha Kakese hakuna aliyewahi kuona mvua za namna ile.

"Wewe baki na nyumba," alimwambia mkewe, Nyamizi. "Mahindi yasije yakaibiwa. Nitarudi kuwachukua."

Nyamizi akabaki na mabinti wawili: Minza, wa miaka tisa, na Kwandu, aliyekuwa bado ananyonya.

Kesho yake jirani yao Spès, mjane wa Kirundi, alipita na watoto wake, mizigo kichwani.

"Mama Malale, twende kule shuleni, kilimani. Maji haya hayapungui."

"Baba Malale hajarudi. Akikuta nimeacha nyumba, nitamwambia nini?"

Spès alimtazama. "Mimi sina wa kumuuliza," akasema, akaenda zake.

Nyamizi hakuwa mjinga. Maji aliyaona. Lakini mwaka juzi alikwenda msibani kwa dada yake bila ruhusa, na Mabula alimrudisha kwao mpaka wazee wakaenda kumwomba radhi. Aibu ile hakutaka kuirudia.

Maji yaliingia asubuhi iliyofuata, uji ukiwa jikoni. Hayakuja kwa kishindo. Yalipita chini ya mlango, yakazima moto, na muda si mrefu yakawa magotini. Alimfunga Kwandu mgongoni, akamshika Minza mkono, wakatoka. Kitenge kilikuwa kimelowa, kikamnata miguuni, kila hatua ikawa ya kuvuta. Malale alijua kuogelea kama vijana wote wa machungani. Walijifunza lamboni ng'ombe wakinywa maji. Minza hakujua; alikuwa anashinda nyumbani akitwanga. Walipofika penye mfereji uliofunikwa na maji, aliteleza, mkono ukamponyoka mama yake.

"Mama," alisema mara moja, kama anayetaka kuuliza kitu.

Nyamizi alining'inia kwenye mti, Kwandu mgongoni, mpaka wanaume wa kilimani walipomvuta kwa kamba. Minza alipatikana siku ya pili, chini kwenye mpunga.

Mabula aliporudi alikuta watu wamekaa msibani. Ng'ombe walikuwa wamepona wote. Alikaa karibu na mkewe, kofia mkononi.

"Kwa nini hukutoka mapema?"

"Ulisema nisubiri."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Aliyangoja machozi, hayakuja. Aliona tu kwamba ukosi wa shati la mumewe umechanika. Mabula akainuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Watu walisema Nyamizi ana moyo mgumu. Alilima, alipika, aliitika alipoitwa. Nyumba waliijenga tena palepale, kwa sababu malisho yalikuwa karibu.

Msimu uliofuata, Mabula akiwa mnadani, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Haikuwa kubwa. Nyamizi alimbeba Kwandu, akachukua unga na sufuria, akapanda shuleni kilimani. Mabula aliwafuata jioni, amelowa chapachapa.

"Hukuniuliza," alisema.

"Sikukuuliza."

Akakaa kwenye dawati la pembeni. Nyamizi aliendelea kumlisha mtoto. Hakuogopa, wala hakufurahi.