Bega la Winchi

Winchi alikaa kwenye kiti cha chuma cha chumba cha vipimo bila shati, mkono wa kulia nyuma, kiganja kwenye mfuko wa suruali kama alivyoambiwa. Jeli ya baridi ilimtambaa begani. Roho mkononi.

Kazi yake ni kushika kamba, ndiyo maana wakamwita Winchi. Mume wa dada yake ananing'inia nje ya maghorofa akisafisha vioo, yeye yuko juu ya paa anamshusha na kumpandisha. Wiki iliyopita bega lilikufa ghafla, kamba ikamponyoka, akaidaka kwa kushoto. Shemeji alitukana huko chini, halafu akacheka. Alidhani utani. Bosi hakucheka. Kapimwe, alisema, bega bovu hakuna kazi.

"Hii inapima ugumu wa kano," alisema mama mpimaji, akibonyezabonyeza kifaa begani. "Buluu ni ngumu, ndiyo tunayoitaka. Nyekundu, basi kano imelainika, imechoka. Haya, legeza mkono, ukikaza picha itadanganya."

Winchi hakulegeza. Aliingiza vidole vya mkono huo kwenye mkanda, akauvuta kimyakimya. Maumivu yakampanda mpaka sikioni. Skrini ikajaa buluu.

"Mh! Mbona jasho?"

"Joto, mama."

"Na feni hiyo?"

Shemeji, aliyeegemea mlango na shati la Winchi begani, akadakia. "Si nilisema? Jamaa chuma! Mama, mimi huko juu napiga mluzi tu. Kesho tunaanza lile jengo refu. Mwanangu ananiuliza, baba, huogopi? Nikamwambia, niogope nini, kamba anashika mjomba wako."

Kidole cha mama kilikuwa kinaelekea kwenye kitufe cha kuhifadhi picha.

"Subiri," Winchi alisema.

Akachomoa vidole kwenye mkanda. Bega likashuka. Mama akabonyeza kifaa tena, na katikati ya ile buluu likatokea doa jekundu, likatanuka, likatanuka.

Shemeji alisogea mpaka kwenye skrini. Cheko lote kwisha.

"Ile kamba wiki iliyopita..."

"Haukuwa utani, shem."

"Na kesho ulikuwa unanipandisha?"

Kitufe kikalia, picha ikahifadhiwa. Mama akamfuta jeli.

Shemeji alisimama pale, amekaza taya. Kisha akakunjua shati, akalishika wazi.

"Anza na mkono mbovu," alisema. "Polepole, bwana. Mimi nakushikia."