Baba Anasoma, Msimsumbue

Baba alikuwa fundi makochi, na kila jioni alirudi na kitu alichokiokota ndani ya kochi la mteja: kitana, kipuli, siku moja meno ya bandia. Kabla hakijarudishwa kwa mwenyewe, yeye na binti yake walikaa barazani wakimtungia mwenye kitu uongo wa kila aina, huku wakicheka mpaka mama akachoka kuwaita mezani. Binti alikuwa darasa la tano, na hakuna alichokipenda kuliko ule uongo.

Kisha redio ikatia fitina. Mtaalamu mmoja alisema baba akisoma, watoto wake huugua mara chache na kufaulu zaidi. Baba, aliyeishia darasa la tatu, akaacha kutafuna. Wiki ileile akajiandikisha darasa la jioni la watu wazima.

Tangu hapo nyumba ikapoa. Baba akipata nafasi tu, anachomeka kalamu sikioni na kuzama daftarini. Binti akimsogelea anaambiwa, "Ngoja mwanangu, nasoma kwa ajili yako." Mama naye akajifanya askari wa zamu: "Baba anasoma, msimsumbue," ingawa wa kumsumbua alikuwa mmoja tu.

Mtoto akavumilia, kisha uvumilivu ukamwishia. Baba alipokwama kwenye hesabu za sehemu na kumwita amsaidie, binti, aliyezijua fika, akamkazia macho makavu na kumfundisha upuuzi: za juu jumlisha na za juu, za chini na za chini. Nusu na theluthi, jibu mbili juu ya tano. Mpango ulikuwa baba afeli, achoke, arudi barazani. Baba akammwagia sifa, naye akaona haya kidogo, akaimeza.

Kesho yake baba alirudi mapema, amenuna.

"Nimeacha darasa," alisema.

Moyo wa binti ukaruka kwa furaha. "Kwa nini, baba?"

"Mwalimu kanikosoa mbele ya watu. Eti nusu na theluthi si mbili juu ya tano. Nikamwambia binti yangu hakosei. Darasa zima likashika mbavu. Nikawaambia, kama mwanangu hajui, basi na mimi sina cha kujifunza hapa." Akavua viatu. "Tena mwenyewe nilitia shaka. Nusu ukiiongezea, iweje ipungue? Lakini nikasema, mwanangu ana sababu zake."

Furaha ikamkauka binti. Alichokitaka alikipata, na sasa hakukitaka tena. Akilini alimwona baba yake kasimama katikati ya vicheko, akimtetea mwongo. Machozi yakamtoka.

"Ni tano juu ya sita, baba. Nilikudanganya makusudi. Nilitaka ufeli."

Mama akaganda, mwiko mkononi. Baba akamgeukia mtoto.

"Ungesema tu unachotaka. Mbona hukusema?"

"Nilisema, baba. Ulikuwa unasoma."

Baba alimfuta mtoto machozi kwa kiganja chake kigumu, kisha akaketi kwenye benchi la barazani, akamwachia nafasi.

"Kesho tutakwenda wote kumwomba mwalimu radhi," alisema. "Sasa kaa hapa, useme tena. Nasikiliza."