Ukuta wa Tushikane

Maman Francine alikuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia niko mugonjwa. Mara ya pili nilijificha ndani, mutoto wa jirani akamwambia, "Papa Zagabe iko, amefunga tu mulango." Mara ya tatu alileta kiti yake ya plastiki, akaikala mbele ya mulango wangu na kuanza kuchambua maharagi.

"Sitoki hapa," alisema. "Na maharagi iko mingi."

Yeye ndiye alianzisha Tushikane, asosiasyo ya hapa kwetu Nyalukemba. Haina gari yenye bendera wala ofisi yenye mulinzi. Ni yeye na wamama watano wa korali ya kanisa, basi. Lakini mwaka huu wote walipokea watu waliokimbia vita, wa Sange, wa Kavumu, na wa fasi zingine ambazo hata majina yake sijui kuandika. Waliwalaza mu nyumba moja ya zamani chini ya mulima. Watoto waliingizwa masomo. Vijana walitafutiwa kazi ya mikono, na hiyo ndiyo ilimuleta kwangu, juu mimi ni masoni, fundi wa kujenga ukuta.

"Nilikuwaka masoni," nilimwambia.

"Mikono yako ilikatwa?"

"Hapana."

"Basi."

Kisha akanionyesha karatasi yenye kashe ya buluu, muhuri ya serikali. Mulima nyuma ya ile nyumba ulikuwa unateremuka kidogo kidogo. Mukubwa mumoja wa ofisi alikuja, akaangalia dakika tano, akaandika: kama hakuna ukuta mbele ya mwezi wa kenda kuisha, nyumba inafungwa, watu makumi ine na mumoja watoke. Waende wapi, karatasi haikusema. Kujenga, ofisi haijengi. Kufunga, wanajua.

Ile kashe niliijua. Miaka mbili iliyopita, hao hao wa ofisi walijengesha ukuta juu ya kwetu. Walijenga mbiombio, wakapiga picha, wakaenda. Hawakuacha hata tundu moja chini ya kupitishia maji. Niliwaendea mara ine kuwaambia maji ya mvua itajaa nyuma na kusukuma. Mimi mutu wa darasa la tatu, nani atanisikiliza? Walipiga kashe ku barua yangu, wakaniambia nirudi kesho. Mwezi wa kumi na moja mvua ikanyesha siku mbili, ukuta ukaangukia jikoni yetu. Mélanie, bibi niliyemuoa, alikuwa ndani, anapika. Hakuna wa ofisi aliyeulizwa kosa. Hakuna hata mumoja wao aliyekuja ku kilio.

"Nitajenga," nilimwambia Maman Francine. "Lakini si juu yenu. Ni juu wale wa ofisi wasipate furaha ya kufunga."

"Juu ya nani, mi sijali," alisema, akanisukumia sahani. "Saidia kuchambua."

Nilipewa vijana sita. Muzungumuzaji wao alikuwa Destin wa Kavumu, mutu asiyenyamaza hata akiwa na jiwe mabegani. Na kulikuwa Bintu wa Sange, musichana wa miaka kumi na kenda, mikono migumu sababu alikuwa analima mupunga na baba yake.

Siku ya kwanza Destin aliniuliza, "Muzee, huyu mwanamuke ataweza mawe?"

"We ulibebaka nini toka Kavumu?" Bintu alimujibu. "Simu tu! Hata mufuko wa mama yako alibeba dada yako."

Walicheka mpaka Destin mwenyewe akacheka. Na mimi nilisikia kinywa yangu inacheka, ikanishangaza.

Nitasema ukweli, ile miezi ilinifanyia vizuri. Tangu Mélanie aende nilikuwa nakula nimesimama, ku chungu, kama mutu anayengojea gari. Pale saa sita wamama wanapakua, tunaikala chini wote, Bintu ananiletea yangu imefunikwa na sahani ingine juu isipoe. Siku moja nilikohoa. Kesho yake wamama wawili walinifuata na dawa ya majani, wanagombana ya nani ni nzuri. Nilikunywa zote mbili.

Sasa, juu ya matundu. Masoni wengi wa huku hatununui tiyo, bomba ya kupitisha maji. Tunakata vipande vya mugomba, tunavipanga chini katikati ya mawe, vitokee nje kidogo. Mugomba unaoza wenyewe. Kisha unausukuma na fimbo, tundu inabaki, na maji ya mulima inapitia pale. Niliweka vipande kumi na ine. Bintu aliniuliza, "Papa, hii migomba ni ya nini?" Nilikuwa nimechoka, jua kali. Nilimujibu, "Fanya tu."

Mwisho wa mwezi wa nane nilienda kijijini kuzika muramu wangu, kaka ya Mélanie. Nilikawia kule juma nzima. Siku ya kurudi mvua ilianza asubuhi, mvua kubwa ambayo haikungojea mwezi wake. Nilifika Nyalukemba saa nane ya muchana, viatu mu mukono.

Bintu alinikimbilia na beseni ku kichwa kama kofia.

"Papa Zagabe! Kuya uone! Mvua tangu asubuhi, na hakuna hata tone moja inapita!"

Niliangalia chini ya ukuta. Matundu haikuwako tena. Kumi na ine zote zilikuwa zimezibwa, zimelainishwa vizuri sana.

"Nani alifanya hii?"

"Ni mimi!" Alikuwa anacheka bado. "Ile migomba ilikuwa imeoza. Nikasema Papa alisahau. Kwetu Sange ukilinda mufereji wa mupunga, tundu ikaonekana ku zamu yako, wanakuimbia wimbo ya kukucheka soko muzima. Nikaziba na simenti ya nguvu. Destin alitaka tukungojee, nikamwambia hapana, tumufurahishe Muzee."

Niliweka mukono ku ukuta. Katikati ulikuwa umetoka tumbo, vidole viwili. Na ndani ya nyumba, nyuma yangu, watu wote walikuwemo, sababu ya mvua. Wamama wanapika, watoto wanapiga kelele.

Neno kubwa lilikuja mu kinywa yangu. Muuaji, lile neno nililowawekea wale wa ofisi miaka mbili. Ukuta haujui nani aliziba kwa uvivu na nani aliziba kwa kupenda, unaanguka tu. Lakini mutoto alikuwa ananiangalia, furaha ikiisha ku uso wake polepole, na neno likarudi chini.

"Maji iko nyuma, imejaa," nilimwambia. "Tosha watu mu nyumba. Wote. Waende kanisani. Na wewe usirudi hapa."

Alikimbia. Nilimusikia anapiga ile beseni na kijiko, anaita. Watu walitoka na vyungu vyao vya moto ku kichwa. Nilichukua burin na marto, chuma na nyundo ya kuvunja simenti, nikapiga magoti mu matope ku pembe ya kwanza.

Mutu akapiga magoti kando yangu. Bintu, na burin na marto zingine.

"Nilikuambia usirudi."

"Ni mi niliziba. Mi najua wapi simenti ilinipungukia. Hii ya kwanza ni ngumu, Papa. Anza na ya pili."

"Bintu, ukuta uliuaka bibi yangu."

"Najua. Wamama waliniambiaka." Akaweka burin ku tundu ya pili. "Napiga?"

Nilitaka kumukamata mukono nimutupe barabarani. Lakini ya kwanza nilikuwa nimeishapiga mara kumi, haikuvunjika. Alikuwa anajua.

"Piga. Tunaanza ku pembe, si katikati. Unaelewa sababu gani? Katikati ndiyo imechoka. Tukipigapiga pale kabla maji haijapunguka, itatuangukia. Tunapunguza kwanza huku na huku."

"Sawa, Papa."

Ya pili ilifunguka, maji ikanipiga kifua, nyekundu, baridi, nikaanguka matako chini. Destin na wale wengine walikuwa wamefika na miti mirefu. Bila kuambiwa waliisimamisha kushikilia ile tumbo, mabega yao ku miti. Hakuna aliyesema muchezo. Hata Destin alikuwa ananyamaza, na hapo ndipo niliogopa kabisa.

Tulifungua tatu, ine, tano. Ku ile ya kenda jiwe moja ilitoka na ukuta ukalia, sauti ya mutu anayejigeuza ku kitanda. Tulisimama wote. Bintu alikuwa anaomba kwa Kifuliiru, haraka haraka. Ukuta ukanyamaza. Tukaendelea. Ilipofunguka ya kumi na ine, maji ilikuwa inatoka kila fasi, ikateremuka barabarani, na mti wa Destin ukalegea mu mikono yake. Hakukuwa tena kitu kinachousukuma.

Bintu aliikala mu matope.

"Papa, unifukuze."

"Nikikufukuza, nani atabomoa ile katikati na kuijenga tena?" Nilimunyoshea mukono. "Uliniuliza. Nikakujibu 'fanya tu'. Wale wa ofisi nawatukana kila siku juu hawasikilizi, na mimi pia sikukusikiliza. Simama, utagonjwa."

Ile katikati tulibomoa na kuijenga siku kumi na mbili. Mara hii niliwaeleza kila kitu, mpaka Destin akasema, "Muzee, zamani ulikuwa hausemi, sasa tutakulipa unyamaze."

Yule mukubwa wa ofisi alikuja mwisho wa mwezi wa kenda, na mupiga picha. Alijisimamisha mbele ya ukuta, akaweka mukono juu ya jiwe.

"Tunafurahia hii kazi tuliyofanya," alisema.

"Tuliyofanya na nani, Mukubwa?" Destin aliuliza. "Jiwe yako ni gani, tuionyeshe watu?"

Watu walicheka. Zamani ningepiga kelele mpaka sauti ikauke, naye angeenda na karatasi yake mu mufuko. Nilimupa biki.

"Saini kwanza," nilimwambia. "Picha kisha."

Aliandika kwamba nyumba inabaki wazi. Maman Francine alisoma mistari yote mara mbili mbele ya kumuacha aende. Simusamehe, yeye na wenzake. Lakini siku ile sikuwa na wakati wa kumuwaza.

Sababu saa kumi ilifika familia ingine toka Sange, watu watano, wametembea sana. Chumba iliyobaki ilikuwa ile ya nyuma, karibu ya ukuta. Tangu ile mvua hakuna aliyekubali kulala mule. Mama mukubwa wao, Godelive, alisimama ku mulango wake na mufuko ku kichwa, akaangalia mulima kupitia dirisha.

"Mutanisamehe," alisema, "hapa nyuma, haiwezi kutuangukia?"

Wamama waliniangalia. Vijana pia. Miaka mbili sikuwa nimeishasema neno zuri juu ya ukuta wowote mu hii muji. Niliwaangalia mumoja mumoja, hawa watu waliokuja kunichambulia maharagi ku mulango, waliofunika chakula yangu isipoe, nikamushukuru Mungu, na wao.

"Hapana, maman," nilimwambia. "Haianguki. Ingia."

Aliteremusha mufuko na kuanza kutandika.