Laini ya Myamba

Husna binti Abubakari hakuwahi kushika namba mbili mpaka alipoanza shahada ya uzamili. Tangu shule ya msingi Hedaru, sekondari ya bweni pale Same, hadi miaka yote ya uhandisi wa umeme na kompyuta chuo kikuu Dar es Salaam, matokeo yakibandikwa jina lake lilikuwa juu. Jenifer Hezroni, binti wa Myamba aliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa tangu kidato cha kwanza, alikuwa humo humo katikati. Husna ndiye aliyemwelekeza hesabu, na alipenda kumwelekeza.

Uzamili ukaja na mambo yake. Mitihani ilikuwa michache, ikaisha upesi, kisha kila mmoja akaambiwa alete swali lake mwenyewe la utafiti, swali ambalo hakuna aliyekwisha kulijibu. Hapo Husna akakwama. Majibu alikuwa nayo tele. Swali hakuwa nalo. Alipeleka mada moja baada ya nyingine kwa Profesa Mbonea, msimamizi wao, na kila mara profesa alimrudishia kwa upole, akisema ni kazi safi ila wengine wameshaifanya.

Jenifer alikuja na swali la kwao. Mvua zikishika milimani, laini ya umeme inayopanda kutoka Hedaru kwenda Myamba hukatika mahali fulani msituni, na mafundi hulazimika kutembea nguzo hadi nguzo kwenye matope na ukungu mpaka wapaone. Kijiji hukaa gizani wakati huo wote. Je, nguzo zenyewe haziwezi kusema? Akabuni vifaa vidogo vya kufunga juu ya nguzo, vinavyopeana habari kwa redio, hiki kikimpasia kile, mpaka taarifa ishuke bondeni. Profesa aliposikia alisogeza kiti mbele na kumwambia aanze tena tangu mwanzo, polepole. Husna alikuwa pembeni, akitabasamu kama mtu aliyemeza kwinini.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Jenifer akichekwa na mtu maabara, Husna alifurahi. Akisifiwa, chakula kilimshinda. Alianza kuangalia hata viatu vya Jenifer, hata namna alivyosema "utafiti wangu" mbele ya wageni. Huyu niliyemfundisha kugawanya, alijiambia, leo anaitwa ofisini kwa profesa na mimi nabaki varandani. Likatokea na la pili: ilitangazwa nafasi ya kusomea uzamivu Ujerumani, wote wawili wakaomba, na aliyeitwa kwenye usaili ni Jenifer.

Vifaa vilipokamilika, ilihitajika nyumba Hedaru ya kuweka kisanduku cha kupokea taarifa. Jenifer hakuwaza mara mbili, akamwomba Husna, aliyekuwa amerudi kwao akitafuta bado swali lake. Husna alitaka kukataa, lakini kukataa kungemwumbua. Basi kisanduku kikafungwa chumbani kwake, nyuma ya duka la baba yake linalotazama barabara kuu, na antena ikapandishwa juu ya bati. Kwa kipindi cha majaribio kazi ilikuwa nyepesi: kijitaa chekundu kikiwaka, asome namba ya nguzo kwenye kioo, awapigie mafundi wa umeme. Mzee Abubakari alijivuna kwa wateja kwamba umeme wa Myamba sasa unalindwa na binti yake. Binti yake alisikia neno "unalindwa" akaona anadhihakiwa.

Mvua ilianza Ijumaa adhuhuri, Jenifer akiwa Dar es Salaam kwenye usaili. Kutoka Hedaru milima haikuonekana tena. Husna alikuwa anakunja kanga zake pale kijitaa kilipowaka. Kwenye kioo namba ya nguzo ilitokea wazi, bila kusita. Kifaa kilifanya kazi. Kilifanya kazi vizuri kuliko alivyoomba kisifanye.

Alichukua simu, akaishika. Akamwona Jenifer mbele ya wale wasaili, akieleza, na wao wakiitikia kwa vichwa. Akaiweka simu chini. Si kwa ubaya mkubwa, alijiambia. Acha tu kichelewe kidogo, na yeye aonje kushindwa. Akatandaza kanga moja juu ya kisanduku, akaenda dukani kumsaidia baba yake.

Kidogo kile kikawa siku kadhaa. Mafundi walipanda kwa miguu kama zamani, wakapata mti ulioangukia waya ndani kabisa ya msitu. Kufikia hapo friji ya zahanati ya Myamba ilikuwa imepoteza ubaridi kwa kukosa umeme, na chanjo za watoto zikamwagwa. Akina mama waliokuwa wamepanda kutoka vitongoji vya chini wakarudishwa na watoto mgongoni.

Jenifer aliporudi hakwenda kwao. Alishuka basi Hedaru, akaingia chumbani kwa Husna na kompyuta yake, akaketi sakafuni. Husna alikuwa ameshaondoa kanga na kuzima kijitaa. Kutwa nzima Jenifer alifumua programu yake mstari kwa mstari akitafuta kosa, na Husna akamletea chai, kisha chapati, kisha chai tena. Mwanzoni aliuona uso ule uliochoka akasikia kitu kama shibe. Alipoleta chai ya mwisho Jenifer alikuwa ameacha kuandika.

"Kifaa kingekuwa kibovu ningeona," alisema. "Sioni kitu. Labda mimi ndiye sijui ninachofanya. Umenifahamu tangu utotoni, niambie ukweli. Niliwahi kujua?"

Hilo ndilo neno ambalo Husna alikuwa akilingoja kwa muda mrefu. Sasa limesemwa, mbele yake, na alitakiwa aseme tu hapana. Akaweka kikombe chini.

"Kifaa chako hakina kosa, Jeni. Taa iliwaka. Niliiona."

"Iliwaka lini?"

"Ijumaa, mvua ilipoanza tu. Namba ilikuwa ya nguzo ile ile ulipoangukia mti. Nikaifunika."

Nje lori lilipita, bati likatetemeka. Jenifer alimtazama kama mtu anayesoma maandishi ya lugha asiyoijua.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa kwenye usaili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi nilikuwa hapa."

Jenifer hakupiga kelele. Alisema kwamba wifi yake, Dorkas, alikuwa miongoni mwa waliorudishwa pamoja na watoto wao bila chanjo. Kisha akachomoa waya, akakifunga kisanduku kwenye sweta lake, akatoka kupitia dukani. Alimwamkia mzee Abubakari shikamoo, akamshukuru kwa kumhifadhia mzigo. Husna alingoja simu ya profesa, wiki ya kwanza na zilizofuata. Haikuja. Jenifer hakumwambia mtu, na hilo nalo Husna aliliona kama ushindi mwingine wa mwenzake.

Walionana tena Same, Jenifer alipowasilisha utafiti wake. Profesa alikuwa ameomba uwasilishaji ufanyike ukumbini pale mjini badala ya chuoni, ili watu wa milimani wausikie. Upepo wa Same ulikuwa unagonga madirisha. Husna alikaa nyuma. Mtahini mmoja kutoka nje akauliza kwa nini mtambo una vipokezi viwili, kimoja Hedaru na kimoja Same, na kwa nini vyote vinawapigia mafundi simu vyenyewe bila mtu. Alisema hicho ndicho kilichompendeza kuliko yote.

"Mwanzoni nilipima waya, nguzo, mvua na miti," Jenifer alijibu. "Mtu anayekaa upande wa pili sikumpima. Nilidhani namjua."

Watu wakacheka kidogo, wakapiga makofi. Jenifer hakutazama nyuma. Husna naye alipiga makofi, viganja vikimuwaka, na chini ya aibu aliisikia tena roho ikimuuma kama zamani: hata ubaya wake ulikuwa umempatia Jenifer alama. Alitamani angalau kosa lile libaki kuwa lake.

Watu walipotoka ukumbini, mama yake Jenifer alimwona na kumwendea moja kwa moja. Husna akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepungua. Na wewe siku yako ni lini?"

"Bado, mama."

Mama akamshika mkono na kumwambia kwa Kichasu, lugha ya milimani kwao, asichoke, apande Myamba apumzike, kitanda chake kipo. Nyuma yake Jenifer alikuwa amesimama na profesa na wageni, ameshika maua, akingoja mazungumzo yale yaishe ndipo asogee. Husna akajitoa taratibu kwenye mkono ule, akasema basi la Hedaru litamwacha, akaondoka kuelekea stendi akiwa ameushikilia mtandio wake kwa sababu ya upepo.