Chora Mtu Mmoja

Kila nilipompima mtoto, maagizo yangu yalikuwa yale yale. Niliweka karatasi nyeupe mezani na kalamu ya risasi juu yake, nikasema: "Chora mtu mmoja. Mtu mzima, kuanzia kichwa mpaka miguu." Kisha nilinyamaza na kutazama saa.

Jumatano ile, katika chumba changu cha kazi hapa Butembo, Sagesse alichora watu wawili. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa akichora wawili tangu alipokuwa na miaka sita.

"Nilisema mmoja," nikamkumbusha.

"Nilichora mumoja, Mama Florentine. Wa pili alikuja na yeye mwenyewe."

Sikucheka. Wiki moja kabla yake, kule Beni, pacha wake Bénite alikuwa amechora wawili vilevile. Nilikwisha kuandika makala juu ya jambo hilo. Niliandika kwamba wasichana wawili ambao hawajawahi kuonana walikuwa na mkono mmoja na fikira moja, na kwamba hiyo lazima iwe damu.

"Utamuonyesha hii?" Sagesse akauliza.

"Unajua siwezi."

"Miaka kumi unasema najua. Mais sasa iko tofauti. Mama Agar mwenye kumulea na bwana yake banahamia Kisangani. Lori itabapakia siku ya Lundi. Nipeleke, Mama. Nimuone tu."

Nilimwambia aiache Jumatatu hiyo ipite, imebaki miaka miwili tu wakutane. Nilimwambia nitamfuata Bénite hata Kisangani, nimpime hukohuko.

"Weye utaenda Kisangani," akasema. "Na miye?"

Nilikuwa muuguzi wa uzazi kwa miaka kumi na minne kabla ya kuanza masomo ya jioni ya saikolojia. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Wanafunzi wenzangu waliniita mama, na mwalimu mmoja pia. Katika chumba cha uzazi nilikuwa nimeona kitu kilichonifuata mpaka nyumbani: mapacha wawili waliotoka katika kondo moja la nyuma, mmoja analia kwa nguvu, mwingine amenyamaza anatazama taa. Nani aliwafundisha? Nilimuuliza Mungu, naye, naamini, akanituma shule.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mapacha wa yai moja wana damu ile ile. Wa mayai mawili wanafanana kama ndugu wengine wowote. Ukiwalinganisha wengi, kwa hofu, kwa hasira, kwa kumbukumbu, unaanza kuona tabia inatokana na damu kiasi gani, na malezi kiasi gani. Nilifuata jozi sitini na mbili. Lakini sitini na moja walilelewa pamoja, sufuria moja, kitanda kimoja, na kwao damu na malezi vilifungwa fundo moja.

Jozi iliyobaki ilikuwa Sagesse na Bénite, wa yai moja. Mama yao alifariki Kanyabayonga siku ya kuwazaa. Kanyere, dada ya baba yao, alimchukua Sagesse nyumbani kwake Vulamba, hapahapa Butembo, na kumlea Kikatoliki. Agar, mdogo wa marehemu, alimpeleka Bénite kwake Beni, katika nyumba ya Kiprotestanti, mumewe akiwa mwalimu. Nilipowapata walikuwa na miaka sita. Niliwaomba wale wamama wawili wasiwakutanishe mpaka watimize kumi na minane, hata kwa simu au zawadi, kwa sababu wakikutana wataigana na kazi yangu itaharibika. Waliweka sahihi. Waliniheshimu, tena barabara ilikuwa na hatari, na watu hawakuhitaji sababu nyingi za kutosafiri.

Kila asubuhi nilipiga magoti. Bwana, unilindie mapacha wangu. Unilindie. Miaka kumi nilisema hivyo, wala sikusikia nilichokuwa naomba.

Alhamisi nilikwenda Vulamba. Nakiri kwamba sikwenda kumuombea Sagesse ruhusa. Nilikwenda kumuimarisha Kanyere, asije akalegea siku za mwisho.

Nilimkuta chumbani amepiga magoti mbele ya sanduku la bati, anapanga nguo. Alitoa kigauni cha mtoto wa miaka mitatu, cha rangi ya maji ya machungwa. Akatoa sare ya shule ya msingi, viatu vidogo ambavyo soli zake hazikuwahi kugusa udongo, gauni jeupe la komunyo. Sanduku lilijaa mpaka juu. Hakuna nguo hata moja iliyokuwa imevaliwa.

"Hizi ni za nani?" nikauliza.

"Za ule wa Beni."

"Bénite? Lakini hamjawahi kumpelekea kitu."

"Si njia ilikuwa mubaya, kisha weye ukatuambia tusipeleke?" Kanyere akanitazama kama mtu anayetazama mgeni. "Donc naziweka. Mapasa hapana kumupa moja kitu, mwingine anakosa. Nikinunulia huyu, nanunuaka na ya ule. Krismasi, rentrée ya masomo, yote. Sagesse njo anachagua rangi."

"Sagesse anachagua?"

"Tangu mudogo. 'Hii ataipenda, hii hapana.' Na kwa meza anamuachia kipande ya mukate. Aka, Mama Florentine! Weye si munande kama sisi? Kwenu mapasa banalelewaka namna gani?"

Nilijua namna gani. Nyumbani kwetu kulikuwa na mapacha, watoto wa kaka yangu, na mama yangu hakuwahi kununua kitambaa kimoja bila cha pili. Niliyajua hayo yote, nikayaacha nje ya mlango siku nilipoanza kusoma vitabu.

Nilimpigia Agar palepale. "Eh, na huku ni vile," akasema. "Kitanda ya Bénite iko na mito mbili. Hukuona?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda kile nikiandika majibu.

Kwa hiyo hawakuwahi kulelewa mbalimbali. Kila mmoja alilelewa na mwenzake kando yake, asiyeonekana, anayenunuliwa viatu. Wakiambiwa chora mtu mmoja, walichora walichokuwa nacho. Labda damu ilikuwamo pia, lakini sikuwa na njia ya kuitenga tena.

Naandika ukweli: jambo la kwanza nililolililia lilikuwa makala yangu. Nilitembea mpaka kwangu nikihesabu kurasa za kufuta. Usingizi ulikuwa tayari unanichukua nilipomfikiria mtoto wa miaka saba dukani, ameshika kigauni, anajaribu kukisia kama dada yake atakipenda. Nikaamka, nikapiga magoti. Maneno yangu ya kila siku yalikataa kutoka.

Jumamosi nilimpeleka Sagesse Beni. Gari lilipopanda milima ya Kabasha, Sagesse aliniuliza kama Bénite ana sauti nzito au nyembamba. Nilikuwa na jibu katika faili, kwa tarakimu. Nilisema, "Utasikia."

Uani kwa Agar magodoro yalikuwa yamekwisha kufungwa kamba. Bénite alitoka jikoni na maji mikononi. Walisimama. Walipeana mkono kama wageni wa kanisani.

"Jambo."

"Jambo."

Kisha Bénite akamzunguka, taratibu. "Kumbe uko mufupi."

"Miye? Weye njo mufupi! Vua bilato tupime."

"Mi njo nilitoka mbele. Heshimu mukubwa."

"Nani alikudanganya?"

Walivua viatu, wakapimana migongo, wakasukumana, halafu mmoja, sikumtambua yupi, akaanza kulia, wakaingia ndani wameshikana viuno.

"Ingia, Mama Psychologue," Agar akaniambia. "Ingia uandike. Siku yako njo hii."

"Leo siandiki," nikamjibu.

Nilikaa juu ya godoro, nyuma ya ukuta wa mbao. Sauti zao zilipita, maneno hayakupita. Miaka kumi nilitaka kujua wangeambiana nini, na nilikuwa bado nataka, Mungu anisamehe, nilitaka kuliko chakula. Nilijizuia kusogeza sikio.

Baada ya muda Sagesse alichungulia mlangoni, macho mekundu.

"Lori inaondoka Lundi saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema. "Mna siku mbili."

Alinitazama kidogo. Akarudi ndani akikimbia.