Mzigo wa Mihayo

Mtoto alikuwa akilia tangu azaliwe. Hakulia kama mwenye njaa, wala kama mwenye homa. Alilia kama mtu anayedai haki yake barazani, akichoka anapumzika kidogo, kisha anaanza upya. Zahanati ilimpima isione ugonjwa. Padri alimbatiza kwa jina la Fransis, naye akalilia hata jina hilo.

Babu yake, Mzee Polikarpo, karani mstaafu wa reli, alikuwa mtu wa kanuni. Alifundishwa na mapadri wa Tabora enzi za kengele na fimbo, na katika nyumba yake mpya ya Tegeta, aliyoijenga miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti, hapakuzungumzwa habari za mizimu. Lakini dada yake mkubwa, Bibi Adelina, alipokuja kwa treni kutoka Tabora kumwona mjukuu, alimsikiliza mtoto kwa muda mrefu, akasema, "Anaomba jina. Anamtaka Mihayo."

Habari za Mihayo Polikarpo alizijua. Mihayo alikuwa baba wa baba yao, mpagazi, aliyeondoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani kwenda Bagamoyo, akimwacha mwanawe bado mgongoni kwa mama. Hakurudi. Aliyemwona akifa hakupatikana, na kwa hiyo matanga yake hayakuanuliwa kamwe. Na katika ukoo wao jina la marehemu halipewi mtoto kabla matanga hayajaanuliwa. Wa kuyaanua ni mtani, si mwingine.

"Mkeka wa msiba wake umetandikwa hadi leo, Polikarpo," alisema Bibi Adelina. "Baba aliukalia akafa juu yake. Mimi nami ninazeeka juu yake. Nani ataukunja?"

Ndipo Polikarpo alipokwenda Boko kwa Mbwana, fundi cherehani, Mzaramo wa kuzaliwa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, na kwa miaka mingi Mbwana alikuwa akimchokoza Polikarpo kila walipokutana. Polikarpo alikuwa akimjibu kwa kumwamkia tu, kwa adabu kavu, kwani aliuhesabu utani kuwa ni ukosefu wa malezi.

Mbwana alimsikiliza hadi mwisho bila kusimamisha cherehani yake.

"Nitayaanua, hukohuko alikoishia," alisema. "Lakini pagazi haingii Bagamoyo kwa basi. Utakwenda kwa miguu yako."

"Bwana Mbwana, nina miaka sitini."

"Basi nakuhurumia. Utakwenda kwa baiskeli. Na mzigo utaubeba wewe. Tangu lini Mnyamwezi akasafiri mikono mitupu? Tena sikiliza, mtani. Utani ni kamba ya kuvutana. Mie navuta peke yangu miaka yote hii, wewe umeshika ncha yako kama umeshika rozari. Akichokoza mmoja, wa pili sharti ajibu. Usipojibu, matanga hayaanuki."

Siku ya safari, alfajiri, Mbwana alifika Tegeta na mkeka uliokunjwa na kufungwa kwa kamba za katani, mnene kama gogo. Aliufunga kwenye keria ya baiskeli ya Polikarpo, na baiskeli ikanesa.

"Kuna nini ndani?"

"Pagazi haulizi. Anabeba."

Walipofika Boko, kwenye nyumba ya mwisho, Mbwana alitangulia, akashuka, akailaza baiskeli yake katikati ya njia, akanyoosha mkono. "Hongo! Hapa ni kwetu. Babu zangu hawakumpitisha Mnyamwezi bure."

Wanawake waliokuwa wakichota maji kisimani waliangua kicheko. Polikarpo, akiwa ameona haya hadi masikioni, alitoa muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko wake wa chakula, akamkabidhi. Mbwana aliumega akautazama kwa huzuni. "Hata kutukana hajui," aliwaambia wanawake wale. "Mwacheni, amelelewa na Wazungu."

Baada ya Bunju lami ilikwisha, na njia ikawa mchanga mwekundu uliolainishwa na mvua. Polikarpo alidhani atateseka tu. Kumbe hakuwa amejiandaa kwa uzuri. Jua lilichomoza nyuma ya minazi, na mikorosho iliyojipanga kando ya njia ilikuwa imechanua, ikitoa harufu tamu ambayo hakupata kuinusa kupitia dirisha la ofisi yoyote. Mapinga, upande wa kulia, mashamba ya chumvi yalitanda meupe hadi kwenye mikoko, na mbingu yote ilikuwa imelala ndani ya maji yake. Alishuka bila kuambiwa. Alisimama ameshika usukani, mdomo wazi, kama mtoto aliyeingizwa kanisani kwa mara ya kwanza.

"Wanyamwezi walikuwa wakilia hapa," alisema Mbwana taratibu. "Walikuwa hawajawahi kuona chumvi ikitapakaa chini kama uchafu. Kwao ilifungwa katika majani, ikalindwa usiku."

Polikarpo alifikiri juu ya hilo njiani kote. Maisha yake yote alikuwa akipeleka na kupokea simu za reli kati ya Tabora na pwani. Treni ilipita mahali palepale walipopita wapagazi, kwa siku mbili tu, naye akaona ni jambo la kawaida. Sasa kila mwinuko ulimwingia magotini. Kila mwinuko ulikuwa umepandwa na mtu mwenye pembe begani, bila gurudumu, naye alikuwa ametoka mbali mara nyingi zaidi ya Tegeta. Mapaja yake yaliwaka moto. Mbwana alimpita akiimba, miguu yake, iliyozoea kukanyaga cherehani, ikizunguka bila juhudi.

"Sukuma, pagazi! Pembe inaoza!"

Polikarpo alifungua mdomo ajibu, ikamtoka "Asante, bwana" tu. Utani hakuuzoea.

Karibu na mji walikata kulia kwenda Kaole. Hapo, katikati ya kichaka, yalisimama makaburi ya mawe ya matumbawe yenye minara mirefu kuliko mtu, na kuta za msikiti ambao kibla chake bado kilikuwa kimenyooka. Watu waliojenga pale walikwisha kusahauliwa kabla Mnyamwezi wa kwanza hajafika pwani. Polikarpo alivua kofia. Alishika jiwe la mnara, nalo lilikuwa na joto la jua, kama mgongo wa mtu aliye hai. Waliokufa hapa walikuwa na minara, aliwaza. Na Mihayo, je, alipata hata kichuguu?

Mjini walipita polepole kati ya nyumba kuukuu zenye milango mizito iliyonakshiwa, mingine ikiwa imebaki imesimama huku nyumba zimeanguka nyuma yake. Polikarpo alikuwa na tumaini moja ambalo hakumwambia mwenzake: kwamba mapadri walimzika Mihayo. Aliamini kwamba waliomlea yeye hawakosi kumkumbuka babu yake. Alikwenda misioni, akasimama mbele ya kanisa la kale lenye mnara mweupe, akamwuliza bruda mmoja mzee.

Bruda alimtazama kwa upole. "Mwanangu, wapagazi walifika kwa maelfu. Wengi hawakuja kwetu kabisa. Walifia kambini, na waliozikwa walizikwa na wenzao, kisha wenzao wakaondoka."

Polikarpo alishukuru kwa adabu. Alipotoka misioni alikuwa amezeeka zaidi ya alivyoingia.

Mbwana hakumcheka. Alimwongoza hadi kwenye uwanja uliokuwa kambi ya misafara. Hapakuwa na cha kuona: magofu machache, nyasi, mbuzi wawili, ardhi tambarare iliyopigwa na nyayo hadi ikawa ngumu kama sakafu. Lakini Polikarpo alipouona ule ugumu alielewa, na mwili ukamsisimka. Jiwe halikuwapo, wala mnara. Nyayo peke yake ndizo zilizojenga pale. Nyumba nzima za Unyamwezi, vijiji na vijiji, zilikuwa zimeishia chini ya viatu vyake. Alivivua.

"Fungua mzigo," alisema Mbwana.

Akafungua mkeka. Ndani mlikuwa na jiwe la matumbawe lililochongwa, la kusimamishwa kichwani mwa kaburi, na kulizunguka, ikiwa imekunjwa kwa uangalifu wa fundi, sanda ya merikani nyeupe, iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mzima.

"Sikujua kimo chake," Mbwana alisema. "Nimekata kwa kimo chako."

Walichimba kwa jembe la kuazima, wakailaza sanda tupu, wakafukia, wakasimamisha jiwe. Mbwana alisoma Fatiha, Polikarpo akasali sala ya wafu kwa Kilatini kama alivyofundishwa, na hakuna aliyemwona mwenzake kuwa amekosea. Kisha wakakaa juu ya ule mkeka. Ilibaki kazi ya mtani: acheke, atukane, awaondoe wafiwa mkekani. Lakini Mbwana alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mdomo ule usiofungika ulikuwa umefungika.

Mtani anayelia hawezi kuanua matanga; hana tofauti na mfiwa. Polikarpo aliona safari yote ikimwagika mchangani. Aliona uso wa dada yake, akasikia kilio cha mtoto kule Tegeta. Na mzee yule ambaye maishani hakupata kumtania mtu alikohoa, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kusoma waraka wa serikali:

"Mzaramo! Babu zako walimtoza babu yangu hongo ya kuja na hongo ya kurudi. Na kurudi hakurudi! Ndiyo mnatulipa kwa machozi? Kamua nazi yako kwingine. Hapa tumekwisha kuona chumvi ya kutosha."

Mbwana aliinua uso ulioloa. Alimtazama kana kwamba jiwe la kaburi ndilo lililosema. Kisha kicheko kilimtoka tumboni, kikubwa, hata mbuzi wakakimbia.

"Lo! Amesema! Pagazi amesema!" Alisimama, akashika ncha ya mkeka, akauvuta kwa nguvu hata Polikarpo akabiringika kwenye nyasi. "Ondoka hapo, mvivu mkubwa! Miaka mia mnalia kwa mtu mmoja, hamna mashamba ya kulima? Msiba umekwisha! Nendeni mkazae!"

Akaukunja mkeka mara moja, mara mbili, akauweka begani kwake mwenyewe. Polikarpo alibaki chini kitambo, akiitazama mbingu iliyo pana juu ya uwanja ule, asijue kama anacheka au analia.

Walirudi kesho yake, na keria ya Polikarpo ilikuwa tupu. Tangu langoni walikisikia kilio. Bibi Adelina alikuwa barazani na mtoto. Aliuona mkeka begani mwa Mbwana, umekunjwa, akajifunika uso kwa khanga.

Polikarpo, mwenye vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, alimpokea mjukuu kwa mikono miwili, akainama sikioni pake.

"Mihayo," alisema. "Umefika. Tua."

Mtoto alinyamaza. Alimkodolea macho meusi, tulivu, macho ya mtu aliyetoka mbali sana, na Polikarpo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinamisha yake.

"Shikamoo, babu," akamwamkia mjukuu wake.