Dari ya Viraka

Maharage yalipochemka robo saa, Fundi Viraka aliipua sufuria pale barazani akaikimbiza chumbani. Aliitumbukiza ndani ya mto mnene alioushona mwenyewe kwa masalio ya vitambaa, akafunika kwa mto mwingine, akakaza kamba. Maharage yalikuwa yamelowekwa tangu jana. Sasa yangejiivia humo hadi adhuhuri bila kudai hata kijiti. Makaa yaliyobaki aliyahamishia kwenye pasi, maana sare tano za wanafunzi zilikuwa zinasubiri kunyooshwa.

Shangazi yake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akichambua vifungo, alisema mtu akizubaa katika nyumba hii atajikuta naye ameshonewa mto.

Mto wenyewe haukuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa juu. Vyumba sita vya ile nyumba vilikuwa na bati tupu, na kufikia saa nane mchana ndani hapakaliki. Miaka mitatu nyuma Shangazi alizirai kwa joto huku mkononi ameshika sindano. Wakamwomba mwenye nyumba aweke dari. Wakaambiwa wavute subira. Wakavuta miaka miwili. Fundi akanunua feni, na kwa kuwa vyumba vyote sita vilitumia mita moja ya umeme na kugawana bili sawasawa, feni ile ikamletea maneno. Jirani wa chumba cha nne, mama muuza mitumba, alimuuliza mbele za watu kama upepo wake anautia kwenye chupa, maana wao wanaulipia bila kuuona.

Fundi hakukasirika. Alijua mwenzake ana haki. Alichofanya ni kuomba viroba vitupu kwa muuza unga, akavipasua, akaviunga viwili viwili kama shuka, akajaza katikati vipande vya vitambaa vilivyokatwakatwa, akavishona mistari mistari kama godoro jembamba. Ilimchukua miezi mitatu, jioni baada ya kazi za wateja. Kisha akapanda juu ya meza akazifunga zile shuka kwenye boriti kwa kamba. Hakugonga msumari hata mmoja. Mkataba ulisema chochote atakachopigilia mpangaji ni mali ya mwenye nyumba, na Fundi alikuwa ameusoma wote, hata zile herufi za chini zinazosomwa kwa kukunja uso.

Tangu siku ile feni ilikaa pembeni imevishwa mfuko. Bili ikashuka. Mama wa chumba cha nne alikuja kuangalia juu, akaketi, akasahau kuondoka.

Siku hiyo ya maharage, saa nane kamili, alikuja msimamizi wa nyumba. Walimwita Kalamu kwa sababu ya ile aliyoichomeka sikioni, mtu mrefu mwenye sauti ya kusoma matangazo. Aliingia akifuta jasho, akasimama katikati ya chumba. Akavuta pumzi kama mtu aliyeingia kivulini.

Akauliza nani ameruhusu dari. Fundi akamjibu kuwa hakuna. Kalamu akazunguka akitazama juu, akaandika, kisha akaeleza bila hasira kwamba chumba chenye dari kina daraja lake, na kodi ya daraja hilo ni ya juu zaidi. Itaanza mwezi ujao. Ndivyo alivyoagizwa.

Shangazi aliacha vifungo. Majirani walikuwa wamekwisha kujazana mlangoni.

"Kwa hiyo nimemshonea mwenye nyumba, halafu nimlipe?" Fundi aliuliza.

"Dada, mimi ni mtumwa tu. Chumba kina dari, naandika kina dari."

"Hebu subiri kidogo kabla hujaandika."

Alipanda juu ya meza, akavuta kamba ya kwanza. Fundo likafyatuka. Akavuta ya pili na ya tatu. Shuka ikashuka taratibu ikamfunika Shangazi, ambaye alibaki humo chini akicheka hadi mkeka ukatikisika. Baada ya dakika kumi dari yote ilikuwa imekunjwa juu ya kitanda, na bati likaanza kumwaga joto lake la kila siku.

"Hilo ni tandiko langu," Fundi alisema akishuka. "Sasa andika unachokiona."

Kalamu aliangalia boriti, akatafuta tundu la msumari, hakuliona. Jasho lilimtiririka hadi kwenye daftari. Akaandika kuwa chumba hakina dari, kodi ile ile, akatoka huku watu wakimpisha kwa adabu iliyozidi.

Hajafika barabarani, mama wa chumba cha nne alikuwa amekwisha panda mezani kusaidia kurudisha. Kabla ya jua kutua vyumba vyote vitano vilivyobaki vilikuwa vimeomba dari, na Fundi akakubali kwa sharti kila mtu alete matambara yake na akate mwenyewe.

Jumamosi baraza lilijaa watu na mikasi. Kalamu akatokea. Hakuwa na daftari. Fundi akaweka mguu juu ya pedali ya cherehani akangoja vita.

Kalamu alimsogelea akazungumza kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Mkewe amejifungua. Mtoto ana wiki tatu na mwili mzima umejaa vipele vya joto, hanyonyi vizuri mchana. Naye pia amepanga, chumba kimoja, bati tupu. Kama Fundi angeweza kumfikiria.

"Mwenye nyumba wako hataki kuweka dari?"

Kalamu alitazama viatu vyake. "Mwenye nyumba wangu ndiye huyu wenu. Mimi kodi ananikata kwenye mshahara."

Hakuna aliyecheka. Mama wa chumba cha nne alisema yeye anaweza kungoja, mtoto atangulie. Shangazi akasogea kwenye benchi kumpisha nafasi, akampa Kalamu mkasi na gunia la matambara.

"Kata vidogo vidogo, mwanangu," alimwambia. "Vikubwa vinafanya mabonge."